Uliza Bibi Keshia: Kwa nini serikali isichapishe noti watu walipwe?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka ukanda wa reli ya kati, Tabora hadi Ujiji, na zote zinalilia fedha. Nimechagua nne. Wale wawili mlioniuliza namna ya kumficha mke akaunti, siwajibu. Nilikataa nikiwa dirishani benki, na kustaafu hakujanibadilisha.

*Shikamoo Bibi Keshia. Mimi ni mkulima wa tumbaku wilaya ya Urambo. Tumbaku yetu imepimwa, mteuzi ametoa madaraja, marobota yameondoka, lakini chama cha msingi kinasema mnunuzi bado hajaingiza fedha. Shule zimefunguliwa. Benki Kuu ndiyo yenye mamlaka ya kutoa noti: kwa nini isitoe za kutosha tukalipwa wote, huyo mnunuzi akarudisha baadaye? Wamarekani walifanya hivyo wakati wa Korona na mbona nchi yao haikuanguka?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kusubiri. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Nitayatenganisha, maana dawa zake hazifanani.

Kwanza noti. Sisi wa Tabora tunaweza kulisema hili bila kwenda mbali, kwa kuwa mji wetu uliwahi kutengeneza fedha. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, Mjerumani aliyekuwa akitutawala hawezi kuletewa rupia, fedha ya siku zile, kutoka kwao, na askari wanataka mshahara. Akafunga mitambo kwenye karakana ya reli hapahapa Tabora. Zikapigwa sarafu za shaba za heller 5 na heller 20 (heller ndiyo senti ya rupia), kisha zikapigwa za rupia 15 za dhahabu, dhahabu ya Sekenke kule Iramba, upande mmoja pana tembo. Zile za tembo zilitoka kama 16,000 hivi. Kabla ya hapo Dar es Salaam alikuwa ameanza kuchapa noti za dharura za karatasi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Sasa jiweke mahali pa askari wa siku zile, unaambiwa uchague mshahara wa karatasi au wa dhahabu. Dhahabu haiulizi nani anatawala. Karatasi ilitegemea serikali iliyokuwa inafunga mizigo kuelekea kusini.

Shilingi yetu ya leo, na dola, na euro, zote ni za upande wa karatasi. Huwezi kwenda kaunta ukadai upewe dhahabu badala ya elfu kumi yako. Inashika thamani kwa sababu kodi inalipwa kwa shilingi, duka linaipokea, na Benki Kuu hairuhusu fedha ziongezeke mbio kuliko mazao, bidhaa na kazi zinazopatikana nchini. Hilo la mwisho likilegea, haya mawili ya mwanzo hayakawii kufuata.

Waliolegeza wapo, na hawako mbali. Wazee wa Kigoma waliofanya biashara na ng'ambo ya ziwa wanaijua zaire, fedha ya Kongo chini ya Mobutu. Serikali yake ilizoea kulipa madeni kwa kuchapa, hadi mwishoni mwa 1992 ikatoa noti ya zaire milioni 5. Noti moja! Wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo walikuta hawawezi kununua kitu, wakaingia mitaani na bunduki. Watu wengi walikufa, balozi wa Ufaransa akiwemo. Oktoba mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai, jimbo la nchi hiyohiyo, wakagoma kuipokea. Wakaendelea na noti zao kuukuu, zimechakaa, zinanuka, lakini hakuna aliyekuwa akiziongeza, na bei kwao zikapanda polepole kuliko kwingine nchini. Kisa hiki nakipenda kuliko kile cha Zimbabwe na noti yao ya trilioni 100, ambacho kila mtu anakisimulia kana kwamba Afrika nzima ndicho tulicho nacho.

Kuhusu Wamarekani, umesikia nusu ya habari. Ni kweli benki kuu yao ilinunua hati za mkopo za serikali hadi mali zilizo kwenye vitabu vyake zikatoka kama dola trilioni 4 kuelekea trilioni 9. Hawakuanguka, lakini hawakupona bure: Juni 2022 mfumuko wa bei kwao ulifika asilimia 9.1, kiwango walichokuwa hawajakiona kwa miaka kama 40. Mtu makini ataniuliza: mbona baada ya msukosuko wa 2008 walifanya vilevile na bei hazikupanda hivyo? Jibu alikuwa ameshaliandaa Mmarekani mwenzao Irving Fisher tangu 1911. Alisema usihesabu fedha tu, hesabu na mara ngapi kila fedha inabadilisha mikono kwa mwaka. Baada ya 2008 fedha nyingi zililala kwenye akaunti za mabenki ndani ya benki kuu, na watu waliokuwa na madeni hawakuwa na haja ya kukopa tena. Wakati wa Korona serikali iliziweka moja kwa moja mifukoni mwa watu, nao wakazitumia, huku meli za bidhaa zimekwama na viwanda vimefungwa.

Wewe mwenyewe unaliona hili Urambo kila msimu. Wiki malipo ya tumbaku yanapotoka, mbuzi anapanda bei, fundi wa kuezeka anapanda bei, hata nauli ya pikipiki inajisahau. Mbuzi ni walewale wa wiki iliyopita.

Sasa la pili, la kwako hasa. Kuchelewa kwa malipo yako hakumaanishi kwamba nchi imepungukiwa noti. Mnunuzi ana mali, tumbaku yako iko ghalani, labda imeshafika Morogoro kiwandani. Ila tumbaku haiwezi kulipa ada. Mpaka ameiuza nje, au benki imemkopesha kwa dhamana ya hiyo tumbaku, hana fedha ya kukupa leo. Upungufu wa namna hiyo unaitwa upungufu wa ukwasi, na unatibiwa na benki inayokopesha, siyo na mtambo wa noti. Benki hiyo inapomkopesha, fedha mpya zinazaliwa palepale: inamwandikia mkopo upande mmoja wa kitabu na amana, yaani fedha kwenye akaunti yake, upande wa pili. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya fedha duniani inavyotengenezwa, na Benki Kuu ya Uingereza iliandika waziwazi mwaka 2014 ili watu waache kudhani benki inakopesha tu akiba iliyoletwa na wengine.

Mkikutana na mwenyekiti wa chama, msiishie kuuliza "lini". Bei ya tumbaku inapangwa kwa dola. Muulizeni dola hiyo inageuzwa shilingi kwa kiwango cha siku gani, ya soko au ya malipo. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha ikateremka hadi karibu 2,400 mwaka haujaisha. Tuseme umeuza kilo 1,000 kwa dola 2: ni shilingi 5,400,000 kwa kiwango cha kwanza na 4,800,000 kwa cha pili. Laki sita zinapotea hapo katikati na hakuna mwizi. Mkataba wenu unatakiwa useme, na kama hausemi, hilo ndilo la kupigania msimu ujao.

*Bibi, shikamoo. Mimi nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Redio inasema mfumuko wa bei ni asilimia tatu na kitu. Mimi nimeona dagaa wakipanda karibu mara mbili, na tangu hapo hawajarudi bei ya zamani. Nani anatudanganya?*

Marahaba mama. Hakuna anayekudanganya, ingawa nakubali kwamba namna wanavyolisema redioni inaudhi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu haifuatilii dagaa peke yake. Ina kapu la bidhaa na huduma, kuanzia unga, kodi ya nyumba, nauli, hadi vocha za simu, linapimwa kwenye miji ya mikoa ya Bara, na kila kitu kina uzito wake. Chakula na vinywaji baridi havifiki hata theluthi ya kapu. Nyumba ya mtu wa Kibirizi ambayo zaidi ya nusu ya kipato inaishia jikoni ina kapu lake tofauti kabisa, kwa hiyo chakula kikipanda wewe unaumia zaidi ya tarakimu ya taifa. Malalamiko yako ni ya haki, ila usiyapeleke kwa mtakwimu.

Halafu dagaa. Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Wanunuzi walewale, fedha zilezile, dagaa hakuna. Bei lazima ipande, na Benki Kuu isingeweza kufanya lolote kwa kuwa haina mtumbwi. Mtu asiuite huo mfumuko wa bei. Mfumuko ni pale unapoona dagaa, mawese, sabuni, kitenge na nauli ya kwenda Kasulu vyote vinapanda kwa pamoja, mwezi baada ya mwezi, wala hakuna aliyefunga ziwa. Hapo tatizo limehamia kwenye fedha yenyewe.

Na kwamba bei hazijarudi: mfumuko kushuka hakumaanishi bei kushuka. Kitu cha 10,000 kikipanda asilimia 3 kinakuwa 10,300, mwaka unaofuata 10,609. Kinapanda bado, ila kwa mwendo mdogo. Desemba 2011 tulifika asilimia 19.8 kwa mwaka, yaani 10,000 inaruka hadi 11,980 ndani ya miezi kumi na mbili, na nakumbuka foleni za watu wakija kuvunja akiba zao kabla hazijayeyuka. Lengo la Benki Kuu sasa ni kubaki kati ya asilimia 3 na 5. Hailengi sifuri, kwa sababu bei zikianza kushuka kila mahali watu wanaahirisha kununua, na wewe dagaa wako wataoza mezani.

Tangu Januari 2024 silaha yake kuu ni riba yake, inayoziongoza riba za mabenki. Walianza na asilimia 5.5, Aprili wakaipandisha hadi 6, Julai 2025 wakaishusha hadi 5.75. Riba ikipanda, benki zinakopesha kwa tahadhari, fedha zinapungua mwendo. Dagaa hawaijui hiyo riba.

*Za kazi Bibi. Mimi ni wakala wa fedha za simu Ujiji. Mtaji wangu ni milioni 2. Mwisho wa mwezi walimu wanatoa mishahara, keshi inaniishia, floti imejaa. Siku za mzigo wafanyabiashara wanaweka, droo inajaa noti, floti inaisha. Wateja wanasema nimefilisika. Nifanyeje? Na je, floti ni fedha kweli au namba tu?*

Nzuri baba. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana kila kitu kinachozisumbua benki kubwa duniani kiko kwenye kibanda chako.

Nianze na la mwisho. Floti, yaani salio lililoko kwenye simu yako ya uwakala, ni fedha. Kwa sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015, kila shilingi iliyoko kwenye simu za watu lazima iwe na shilingi mwenzake imekaa benki kwenye akaunti ya udhamini. Kampuni ya simu haiwezi kujitungia floti usiku. Kwa hili wewe ni mwaminifu kuliko benki, usishtuke: benki inaruhusiwa kukopesha, na kati ya amana za watu binafsi inatakiwa kuweka Benki Kuu asilimia 6 tu.

Hujafilisika. Milioni 2 zako zipo, ila zipo kwa sura ambayo mteja aliyesimama mbele yako haitaki. Kufilisika ni pale ukijumlisha droo na simu upate pungufu ya unachodaiwa. Watu wanachanganya haya mawili, na mchanganyo huo umeangusha benki. Machi 2023, Marekani, Silicon Valley Bank ilikuwa imeweka fedha nyingi za wateja kwenye hati za muda mrefu, za serikali na za mikopo ya nyumba, mali zinazohesabiwa kuwa salama. Riba zikapanda, hati zile zikashuka bei. Kama benki ingesubiri ziive ingelipwa zote, lakini wateja hawakusubiri. Tarehe 9 walitaka kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, wengi kwa simu zao mkononi, na tarehe 10 benki ikafungwa. Ilianza kama shida ya keshi. Ilipolazimika kuuza hati kwa hasara, ikawa shida ya mtaji.

Mwingereza Walter Bagehot alishaandika mwaka 1873 nini kifanyike siku kama hiyo: benki kuu ikopeshe bila kubana, kwa dhamana nzuri, kwa riba kali. Benki zetu zina mlango huo Benki Kuu, na kabla ya kuugonga zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, usiku mmoja au siku saba. Mteja mdogo naye ana Bodi ya Bima ya Amana, inayomlipa hadi shilingi milioni 7.5 benki yake ikifungwa.

Wewe huna Bagehot, una jirani. Tafuta mwenye shida iliyo kinyume na yako. Mwenye duka la jumla mwisho wa siku ana gunia la noti na anataka floti alipe mzigo Dar es Salaam. Wewe tarehe za mshahara una floti na unataka noti. Mbadilishane asubuhi, mwandikishiane kwenye daftari, kila mmoja asaini. Mwenye mashine ya kusaga naye anafaa, noti zake ni ndogondogo. Pili, andika kwa miezi miwili ni siku zipi keshi inaondoka na siku zipi inaingia, kisha uhamishe nusu ya mtaji jioni ya kuamkia siku hiyo. Wakala anayesubiri hadi droo ibaki na elfu tano ndipo akimbilie benki atakuta foleni ya mawakala wenzake. Na usimpe mteja kwa mkopo "nitakuletea jioni". Hapo utakuwa umefungua benki, na leseni huna.

*Bibi Keshia, tumefungua sanduku la marehemu babu hapa Nzega tukakuta noti za 200, 500 na 1,000, nyingine zina picha ya Mzee Mwinyi. Jumla ni 340,000. Kaka anamlaumu mama kwamba angefungua mapema tungezibadilisha. Kuna njia?*

Poleni na msiba. Benki Kuu ilitoa nafasi ya kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya 2010, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Muda huo umepita, na zilizo za matoleo hayo si fedha halali tena; msijaribu kuzipitisha dukani gizani. Zipangeni kwanza kwa matoleo, kama kuna ya 1,000 ya toleo la karibuni itakuwa bado inatumika.

Lakini kaka amwache mama. Miaka ya mwanzo ya 1990, babu alipokuwa akiweka noti hizo, bei zilikuwa zikipanda kati ya asilimia 20 na 35 kwa mwaka. Kwa mwendo wa asilimia 26 tu, shilingi inabaki na nusu ya nguvu yake baada ya miaka mitatu, robo baada ya sita, moja ya nane baada ya tisa. Laki tatu na arobaini za wakati ule zilikuwa fedha za kununua ng'ombe. Hata mama angelifungua sanduku Januari 2025 na kuwahi dirishani, mngerudi na 340,000 ambayo nguvu yake leo si ile ya enzi za babu. Aliyeila si mama, ni mfumuko wa bei, na uliimaliza kabla ya hiyo Aprili.

Noti ambazo hazijakunjwa wapo wanaozikusanya. Zionyesheni kwa watu wawili watatu kabla ya kukubali bei ya wa kwanza.